Baba wa Koplo

Mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi, nyinyi mliobaki kule juu ya duka la mbolea, nami nimekubali. Lakini kama mnatafuta nilipandishwa cheo lini na niliondoka na kiasi gani, ikunjeni karatasi hii mrudi kwa wateja. Niliingia karani, nimetoka karani. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, na nitawaeleza habari ya faili moja ambalo hadi leo likitajwa mjini Kericho kuna mtu anayekumbuka ghafla kwamba ameacha maziwa jikoni. Akimbie tu. Mimi nimestaafu, hakuna wa kunihamisha tena.

Kabla ya kazi hii nilikuwa nataipu katika ofisi ya kiwanda cha majani chai upande wa Roret. Nilikuwa naandika kilo za wakulima kutwa nzima, mpaka nikilala naota mizani. Miaka ya tisini ilipoanza nikasikia kuna kampuni ndogo imepata kandarasi ya jeshi na inatafuta mtu wa kutaipu anayejua Kipsigis. Nilidhani nitaandika mambo ya bunduki. Kumbe ni mambo ya karo.

Jeshi lilikuwa na shida ambayo hata fundi wa baiskeli anaijua. Unamfundisha kijana kazi, akishaiva anakuaga na kwenda kufungua duka lake. Ili asiondoke muda wake ukiisha, wakaanza kumpa asante ya kubaki. Ukisaini tena, wewe mwenyewe utalipiwa masomo, na mtoto wako atalipiwa karo ya sekondari. Asiye na mtoto aliruhusiwa kumtaja ndugu mmoja, mradi baba yao awe amezeeka na hajiwezi. Makarani wa kambini walilemewa na makaratasi hayo, kwa hiyo kazi ya kuhakiki familia, kukusanya barua za machifu na kutaipu ikatolewa nje. Sisi tulipewa askari wa Kericho, Bomet na Sotik. Kila mwezi ofisa mmoja alikuja kusaini yaliyokuwa tayari.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani. Ngazi za duka la mbolea ni za mbao, na mnajua mvua yetu haibishi hodi. Nilifika juu kwa magoti. Mzee mmoja mwenye sweta la kijani alinitazama nikijipangusa, hakucheka, hakunipa mkono. Huyo alikuwa Mzee Ombati, Mkisii wa upande wa Sotik, aliyekuwa karani jeshini mpaka goti lake likaanza kumsumbua.

"Wewe ndio wa kutaipu?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Unajua kupika chai?"

Nilikasirika. Nikamwambia nimekuja kutaipu, sikuja kuwa mpishi.

"Kutaipu utajua tu, ni vidole. Mimi nauliza chai. Askari anatoka kambi mbali, amekalia basi tangu jana. Ukimpatia karatasi mbele ya chai, atasaini kitu yoyote. Halafu wiki ijayo bibi yake anakuja hapa na mwiko."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na miaka yote iliyofuata sikupata lililo bora. Mengine alinifundisha polepole. Weka jiko la makaa chini ya meza, kwa sababu ukungu wa Kericho unashikanisha karatasi za kaboni kama chapati za jana. Usimkalishe askari mgongo ukielekea mlangoni, hatatulia. Usimuulize mtu jina la baba yake kabla hajakuambia la mama yake. Na muhuri haupigwi kwa hasira, kwa sababu ukipigwa kwa hasira unaenda upande.

Meneja wetu alikuwa Bwana Rono, mzaliwa wa Kapsoit, shemasi, mtu wa suti ya kijivu jua liwake mvua inyeshe. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Mama yangu alipofariki alinipa gari lake na akaimba mpaka sauti ikakauka. Lakini aliogopa Nairobi kuliko alivyomwogopa Mungu. Makao makuu ya kampuni yalikuwa huko, na kampuni ililipwa kwa faili lililokubaliwa tu. Faili likirudi na wino mwekundu, Bwana Rono hakula mchana.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Yupo askari aliyedhani kusaini tena ni kupelekwa ng'ambo, akaja na pasipoti na koti la baridi. Wapo wake wawili wa bwana mmoja waliokuja siku moja, kila mmoja akimshika mkono mtoto yule yule. Lakini ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja aliyepanda ngazi na mtoto mgongoni, akasimama katikati ya ofisi bila kusalimia.

"Ni nyinyi mnanunua bwana yangu?"

Mzee Ombati akamvutia kiti, akammiminia chai.

"Alisema ni miaka michache tu, atarudi," yule mama akaendelea. "Sasa nasikia mnamwambia akae tena, mtasomesha mtoto. Huyu mtoto atasoma, sawa. Na mimi nitaongea na nani? Na hiyo karatasi yenu?"

Mzee akamwambia bwana yake bado hajasaini, aende nyumbani wazungumze, faili litasubiri. Likasubiri, na mwishowe askari akaamua kurudi kwake na halikusainiwa kamwe. Bwana Rono alinuna wiki nzima. Mzee Ombati akaniambia, "Rael, kazi yetu ni kuandika vile watu wako. Si kuwaambia vile watakuwa." Mwaka uliofuata goti lilimshinda kabisa. Akarudi kwake Sotik, akaniachia meza, muhuri na birika.

Sasa lile faili.

Koplo Wilson arap Mosonik alikuja mwishoni mwa mwaka, akiwa likizoni. Kijana mrefu, mpole, fundi wa redio za jeshi, na mafundi wa namna hiyo walikuwa wachache hata barua za kambini zilimtaja kwa heshima. Muda wake ulikuwa unaisha. Hakuwa na mke wala mtoto, lakini alikuwa na dada, Chepkorir, aliyekuwa amemaliza darasa la nane na kuitwa shule ya wasichana ambayo kila mzazi wa huku anaiota. Aliniambia wazi: karo ya Chepkorir ikilipwa, anasaini. Isipolipwa, anatoka jeshini atafute njia nyingine ya kumsomesha.

Nilimpa chai kwanza. Kisha nikauliza kama baba yao yuko hai.

"Yuko. Yuko hapo chini, anaogopa hii ngazi yenu."

Nikashuka. Karibu na magunia ya mbolea alikuwa ameketi bibi mzee, kitambaa cheusi kichwani, sketi ndefu, gumbuti za shambani na fimbo. Nikamsalimu, "Chamgei, Kogo," kama tunavyomsalimu nyanya yeyote. Jina lake Taprandich. Nikamshika mkono tukapanda pamoja, nami nikakaa kwenye taipureta. Katika nafasi ya baba nikaandika Taprandich, na namba ya kipande chake, yaani kitambulisho.

Kwa nyinyi mliozaliwa mjini, na mliokuja kutoka kwingine, nitaeleza mara moja tu. Mwanamke wetu akifiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume, nyumba yake haifai kuzimika. Anaweza kutoa ng'ombe wake mwenyewe akaoa msichana. Watoto wa msichana huyo ni wa nyumba ile. Baba yao ni yule aliyeoa. Mwanamume anayepita kumtembelea yule msichana haulizwi kitu na hasemi kitu, na ardhi haimhusu. Mosonik alikuwa marehemu mume wa Taprandich, na alizikwa kabla Wilson hajazaliwa. Jina ni lake, lakini aliyeoa, aliyelea na aliyepanda chai ile ni Taprandich. Watoto walimwita Kogo kwa sababu ya mvi. Ukiwauliza baba ni nani, walimwonyesha yeye.

Kwa hiyo sikuona ajabu. Chifu naye hakuona ajabu, barua yake ilisema vivyo hivyo: baba wa watoto hawa ni Taprandich, ni mzee, hajiwezi. Nikapiga muhuri, nikatuma. Kama hilo ni kosa, basi ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya, kwa sababu mtu mwingine angesita. Mimi hata vidole havikusita.

Faili lilirudi likiwa limezungushiwa duara jekundu. Bwana Rono aliniita chumbani kwake akafunga mlango.

"Rael, hii ni nini?"

"Ni faili ya Koplo Wilson."

"Baba mwanamke! Wananipigia simu kutoka Nairobi wakicheka. Wananiuliza kama huku kwetu wanaume wameisha."

"Si ungewaeleza, bwana. Wewe unaijua hiyo boma kama mimi."

"Niwaeleze nini?" Akashusha sauti. "Hayo ni mambo ya zamani, mambo ya giza. Sisi tumeokoka. Unataka waseme kampuni inaendeshwa na watu wa msituni, na kandarasi iko karibu kuangaliwa upya?" Akanisukumia fomu mpya. "Andika jina ya Arap Tanui. Kila mtu anajua ni yeye. Huyo kijana amefanana naye mpaka masikio."

Nilimwambia nikiandika hivyo nitakuwa nimempa Arap Tanui shamba la chai la Taprandich. Akasema ni karatasi ya karo tu. Nikamwambia leo ni ya karo, kesho Arap Tanui ataikunja vizuri aipeleke kwa wazee wa ardhi, na itakuwa na muhuri wa jeshi.

"Wewe andika," akasema. "Hiyo ingine si kazi yako."

Niliichukua ile fomu, lakini sikuiandika. Niliiweka chini ya birika.

Siku ambayo Bwana Rono alikuwa amewaita wahusika, Kogo Taprandich alipanda ngazi akiwa ameshikwa na Wilson upande mmoja na Chepkorir upande mwingine. Msichana alikuwa amevaa sweta la shule ya msingi, mikono imeshamfupika. Walipoingia, Arap Tanui alikuwa ameshaketi. Bwana Rono alikuwa amemwita bila kuniambia. Mzee Tanui alikuwa amevaa koti jeusi na tai, kipande chake kiko ndani ya karatasi ya nailoni, tayari. Alikuwa tayari kupita kiasi, mkiniuliza.

Kogo alisimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Huyu anafanya nini hapa?"

Bwana Rono akasafisha koo. "Kogo, tunatafuta tu njia ya mtoto asome. Nairobi wanataka mwanaume. Mzee Tanui amekubali kusaidia. Ni jina tu."

"Mimi nasaidia tu," akasema Arap Tanui, macho yakiwa sakafuni. "Mtoto asikose shule."

"Kama ni kusaidia, ingiza mkono mfukoni," akasema Kogo. "Jina liache lilipo. Ng'ombe zako ziko wapi? Ulimpa nani ng'ombe kwa ajili ya watoto hawa? Mbele ya nani?"

Arap Tanui alijua kwamba hata kuketi pale alikuwa amevunja mwiko. Lakini hakuinuka. Alikigeuza kile kipande mkononi, akaendelea kuketi, na hapo ndipo mimi nilipoona kwamba sikuwa nimemwonea.

Wilson akasema, "Mimi sisaini. Kama ni jina ya huyu, sisaini."

"Usiposaini mtoto haendi," Bwana Rono akamwambia. "Shule inafungua karibuni. Utapata wapi karo, utatoa kwa redio?"

Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati. Nilimimina chai, kwa sababu sikujua la kufanya lingine, nikampelekea Kogo kikombe. Akanishika mkono, akaniuliza kwa Kipsigis, polepole, ili wengine wasisikie.

"Nikikubali, mtoto atasoma?"

"Atasoma, Kogo."

"Na nyumba?"

Alinitazama, mama yule ambaye alichimba mashimo ya chai ile peke yake. Nilimwonea huruma. Miaka yake yote ilikuwa ndani ya swali lile, na alikuwa anakaribia kuitoa nyumba kwa ajili ya msichana.

Chepkorir alikuwa amesikia. Akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie:

"Mimi nataka shule. Nataka sana. Lakini nikisoma kwa jina ya huyu mzee, nikifunga shule nitaingia nyumba gani?"

Bwana Rono akafunga mkutano kwa maombi, maana huo ndio mlango aliokuwa akitokea kila akibanwa. Baada ya amina akaniambia, mbele yao, kwamba ofisa anakuja kesho asubuhi na fomu ile itakuwa tayari na jina alilosema yeye. Akaongeza kwamba asiyetaka kazi anajua ngazi ziko wapi.

Wengine walipoondoka nilikaa mbele ya taipureta. Kumbukeni siku hizo jeshi halikupokea fomu ya kuandikwa kwa mkono, na mashine ilikuwa moja. Nilifungua mfuniko, nikatoa utepe wa wino, kigurudumu kimoja na kingine, nikauviringisha ndani ya leso, nikauweka kwenye mkoba wangu chini ya Biblia. Taipureta bila utepe ni chuma tu. Kisha nikamuaga Bwana Rono kwa heshima, nikaenda kwangu nikapika ugali. Msinitafutie majuto katika habari hii. Nililala vizuri.

Asubuhi nilimkuta ameloa. Alikuwa amezunguka maduka ya vitabu yote mjini, na utepe wa mashine kuukuu namna ile haukupatikana. Vidole vyake vilikuwa vimechafuka kwa kujaribu kuchovya utepe wa zamani kwenye wino wa muhuri.

"Rael. Utepe uko wapi?"

"Uko salama, bwana."

"Nitakufukuza."

"Nifukuze. Lakini fomu iliyotaipiwa ni ile ya kwanza tu, na ofisa yuko kwenye ngazi."

Kweli alikuwa kwenye ngazi. Kapteni Mutua, mtu wa Ukambani, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa mara ya kwanza. Nyuma yake walikuja Wilson na Kogo. Chepkorir alibaki chini kwa magunia, alisema hawezi kusikiliza maneno yale tena. Kapteni alikunywa chai, akasaini mafaili mengine, halafu akalifikia lile la duara jekundu.

"Baba, Taprandich," akasoma. "Huyu ni nani?"

Bwana Rono akaanza kusema ni makosa ya karani, yanarekebishwa. Nikasema, "Si makosa, afande. Huyu hapa."

Kapteni akamtazama Kogo, kutoka kitambaa mpaka gumbuti.

"Mama, wewe ndio baba ya huyu koplo?"

Kiswahili cha Kogo kilikuwa kidogo, lakini alikataa nimtafsirie. Alisimama kwa fimbo yake.

"Mimi natoa ng'ombe. Mimi najenga nyumba. Huyu akiugua, mimi nabeba mpaka hospitali. Chai yote, mimi napanda, mkono hii. Akienda jeshi, mimi nauza ndume, ananunua sanduku." Akapumua. "Baba anafanya kitu ingine gani? Wewe niambie, nitafanya."

Kapteni akakwaruza kidevu.

"Hakuna ingine najua," akasema. "Hata kwetu wako. Kijijini kwetu kulikuwa na mama mmoja namna hii, tulikuwa tunamwogopa kuliko wanaume." Akamgeukia Bwana Rono. "Lakini hawa wa Nairobi wameuliza. Sasa unataka nini, meneja?"

"Afande, yuko mzee mwenye watafurahi naye. Tubadilishe jina tu, mambo iishe."

Wilson akapiga mguu chini, akasimama wima kama gwarideni.

"Afande, ruhusa kusema. Hiyo jina ikibadilishwa, mimi sisaini. Nitarudi nyumbani nichume chai na baba yangu."

Nyinyi mnaoshughulikia asante ya kubaki, lishikeni hili. Tulizoea kufikiri kwamba asante ile ni kamba ambayo jeshi linamfungia askari. Siku ile niliona kamba ina ncha mbili. Kapteni alihitaji redio zake zizungumze. Alimtazama koplo, akalitazama lile duara jekundu kana kwamba ni inzi ameanguka kwenye chai, kisha akatoa kalamu. Pembeni mwa jina la Taprandich akaandika kwa mkono kwamba amemwona baba kwa macho yake mwenyewe na ameridhika. Akaweka sahihi na cheo. Nami nikapiga muhuri. Sikupiga kwa hasira, ulikaa sawasawa.

Wilson akasaini baada ya kuisoma karatasi yote. Alikuwa ameshakunywa chai.

Kogo alishuka ngazi akikataa kushikwa. Nilisikia fimbo yake ikigonga kila mbao, halafu nikasikia Chepkorir akipiga kelele kule chini, wauza mbolea wakatoka nje kutazama ni nini.

Utepe niliurudisha mahali pake mchana ule. Bwana Rono hakunifukuza, maana kapteni alikuwa ameuliza jina langu. Alinihamishia stoo ya mafaili, chumba kile kisicho na dirisha mnachowekea sasa mashine ya fotokopi. Alidhani nitachoka niandike barua ya kuacha kazi. Nilichukua birika langu na jiko langu, nikahamia. Haukupita mwezi wateja wakawa wananifuata huko huko, hasa akina mama, na hasa wale ambao boma zao hazikai vizuri kwenye nafasi za fomu. Nilipata wengine kama Taprandich. Wote niliwaandika walivyo. Baadhi ya mafaili yalirudi, nikayatuma tena. Ilitoka Nairobi barua kali ya kukataza mambo hayo. Niliisoma mara moja, ikanifaa sana kuwashia jiko.

Arap Tanui sikumwona tena ofisini. Nilisikia alikwenda kwa wazee wa ardhi mikono mitupu, akarudi mikono mitupu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na hata huko kulea kuna watu wanaotaka kukuchukulia kwenye karatasi.

Chepkorir alipofika kidato cha nne, Kogo alinitumia ujumbe nimsindikize siku ya wazazi, nimweleze maneno ya Kizungu. Tukaenda. Alikuwa amezeeka sana, mgongo umepinda, lakini alivaa gumbuti zile zile zimeoshwa. Tulikalishwa chini ya turubai kwenye uwanja, safu ya tatu. Nilipogeuza macho nikamwona Bwana Rono katika suti yake ya kijivu, viti viwili kutoka kwetu. Binti yake alisoma hapo pia, kidato cha pili. Akanipa ile salamu ya kichwa ambayo mtu humpa mwenye deni lake. Kogo hakumtazama.

Zikaja nyimbo, zikaja hotuba. Kisha mwalimu mkuu akashika kipaza sauti, akasema shule nyingi wazazi wanaokuja ni akina mama tu, kwa hiyo leo anataka kuwaheshimu akina baba waliokumbuka mabinti zao.

"Akina baba wote wasimame," akasema, "tuwapigie makofi."

Wanaume wakaanza kuinuka huku na kule, wakivuta makoti. Kogo akaniuliza amesema nini. Nikamwambia.

Akaweka fimbo mbele yake, akaishika kwa mikono miwili. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma. Akainuka kidogo kidogo mpaka akasimama, kitambaa cheusi katikati ya kofia na vipara, na uwanja mzima ukageuka. Wapo waliocheka. Mwalimu mkuu akafungua mdomo kusema kitu. Ndipo upande wa wanafunzi msichana mmoja wa kidato cha nne akaruka juu ya benchi, akaanza kupiga makofi peke yake, mikono juu ya kichwa, akipaza sauti, "Huyo ni wangu! Huyo ni wangu!" Wenzake wakafuata, halafu shule yote.

Bwana Rono alikuwa ameshasimama, hakuwa na pa kwenda. Ilibidi abaki wima vile vile, akipigiwa makofi pamoja na baba mwenzake.